Futi 4,000 juu ya Musoma

Mshale wa altimita ukisimama kwenye futi 4,000 juu ya Dar es Salaam, rubani ana nafasi ya kutosha chini yake: zaidi ya kilomita moja ya hewa tupu kati ya tumbo la ndege na mapaa ya Kariakoo. Mshale huohuo ukisimama kwenye namba hiyohiyo nje kidogo ya Musoma, hali ni nyingine. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 3,720 hivi. Ukitoa, kinachobaki ni futi 280. Mita 85. Na hapo ni juu ya maji. Ndege ikigeuza pua kuelekea nchi kavu, upande wa Mukendo au kusini kuelekea Butiama, hata hizo 280 zinaanza kuliwa.

Altimita haina kosa. Imepangwa kusoma kimo kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mamia ya kilomita mashariki, huko Tanga na Mombasa. Kujua ardhi imepanda kiasi gani kutoka huko hadi hapa ni kazi ya rubani, na chombo chake cha kwanza ni karatasi iliyotandazwa mezani kabla injini haijawashwa: ramani ya anga, ambayo wenyewe huiita chati.

Mkanganyiko huu wa bahari na ardhi nusura uangamize mamia ya watu jirani kabisa na hapa. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways iliyotokea Ulaya ilikuwa ikishuka kutua Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Katika chumba cha marubani ikaeleweka futi 5,000. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,300 na ushei juu ya usawa wa bahari. Dege likawa linashuka kwa utulivu, likiwa limepangiwa kimo kilicho chini ya ardhi, na lilipotoka mawinguni lilikuwa linaielekea mbuga. Lilifika takriban futi 70 kutoka ardhini kabla ya kunyanyuliwa. Hakuna aliyekufa, na labda ndiyo maana tukio hilo halikumbukwi sana Afrika Mashariki. Lakini mtu yeyote kati ya waliokuwa kwenye chumba kile angeilinganisha 5,000 aliyoisikia na mwinuko wa uwanja ulioandikwa kwenye chati iliyokuwa mbele yake, angeuliza tena.

Chati inayotumiwa na marubani wanaoruka kwa kutazama nje huchorwa mara nyingi kwa kipimo cha moja kwa milioni moja: sentimita moja ya karatasi ni kilomita kumi za nchi. Kutoka Musoma hadi Bunda kwa mstari ulionyooka ni kama sentimita sita. Katika sentimita hizo sita mchora ramani anatakiwa kubana vilima, barabara kuu ya Mwanza, vijiji, njia ya umeme mkubwa, ukingo wa ziwa na kila kilichosimama juu kiasi cha kuweza kugonga bawa. Hawezi. Kwa hiyo anachagua, na rubani asiyejua kilichoachwa huwa na imani kubwa kuliko inavyostahili.

Mistari ya latitudo na longitudo huikata chati vipande, na ndani ya kila kisanduku huchapwa tarakimu mbili: moja kubwa, na nyingine ndogo iliyopanda begani mwake. Kubwa ni maelfu ya futi, ndogo ni mamia. Tuseme kisanduku kimeandikwa 6 kubwa na 3 ndogo: maana yake ni kwamba katika eneo lote hilo hakuna kilima wala mnara ambao mchora ramani anaujua unaozidi futi 6,300. Namba hiyo si kimo cha kurukia. Ni dari ya vitu vilivyo chini, na rubani anatakiwa aongeze nafasi yake mwenyewe juu yake.

Mkoa wa Mara una ugumu wake kwa mtu wa visanduku. Musoma iko kwenye latitudo ya digrii moja na nusu kusini, Butiama digrii moja na dakika 46 au hapo karibu, na zote mbili ziko kati ya longitudo ya 33 na ya 34. Bunda imeuvuka kidogo tu mstari wa digrii mbili. Tarime iko ng'ambo ya longitudo ya 34. Hivyo ndege ndogo inayotoka Musoma kwenda Bunda, safari ya robo saa kwa mwendo wa noti 120 (maili za baharini kwa saa), inaanzia kisanduku kimoja na kumalizia kingine, na ikikunja mashariki kukwepa mvua ya ziwani inajikuta katika cha tatu, chenye nyanda za juu za Tarime. Namba iliyosomwa wakati wa kuruka haihusiki tena. Marubani waangalifu husoma visanduku vyote vinavyoguswa na mstari wa safari, pamoja na vya jirani ambavyo hali ya hewa inaweza kuwasukumia.

Na ile namba yenyewe imepikwaje? Wachora ramani wa Marekani, ambao chati zao zimetumika duniani kote, wana kanuni iliyo wazi. Kama kitu kirefu kuliko vyote katika kisanduku ni kilele cha ardhi, wanachukua kimo chake, wanaongeza futi 100 za kufidia makosa ya upimaji, kisha wanaongeza futi 200 kwa ajili ya kitu ambacho huenda kimesimama juu ya kilele hicho bila wao kukichora, halafu wanapandisha jumla hadi mia inayofuata. Futi 200 ni mita 61. Sasa mtu aende popote mkoani Mara aangalie juu ya vilima. Minara ya simu ya vijijini mara nyingi ina urefu wa kati ya mita 30 na 60, na hujengwa juu ya vilima kwa sababu huko ndiko mawimbi yanakofika mbali. Mnara mmoja wa mita 60 unatosha kuimaliza karibu yote ile akiba ya futi 200 aliyoiweka mchora ramani.

Mnara huohuo wala hauchorwi. Katika viwango vya Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, kitu huhesabiwa kuwa kikwazo cha kuonyeshwa kwenye chati za aina hii kikifikia mita 100 kutoka ardhini. Chini ya hapo, mbali na viwanja vya ndege, kinaweza kusimama miaka ishirini bila alama. Ni uamuzi wenye mantiki, kwani chati yenye kila mnara wa simu isingesomeka, lakini matokeo yake ni kwamba idadi kubwa ya vitu vilivyosimama juu ya vilima vya Ikizu, Majita na Butiama haviko kwenye karatasi. Mwezi Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kwa mama wa kijijini anayetaka kupokea pesa kwa simu, hiyo ni neema. Kwa anayeruka chini chini, ni minara 758 mingine ambayo hataikuta kwenye chati yake.

Vilima vyenyewe sasa vinajulikana vizuri kuliko wakati wowote. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga za juu Endeavour kilizunguka dunia kwa siku kumi na moja kikipima ardhi kwa rada, na kikachora sehemu kubwa ya nchi kavu ya sayari hii. Kabla ya hapo, chati za sehemu nyingi za Afrika zilikuwa na maeneo ambayo mchora ramani alikiri kwamba vimo vyake havijakamilika. Takwimu za safari ile ndizo msingi wa picha nyingi za milima zinazoonekana leo kwenye vishikwambi vya marubani, zikiwa za kijani, njano na nyekundu. Rangi zinapendeza. Tatizo ni kwamba zinatoka mwaka 2000, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha wachache mjini, na rada ile haikuwa na namna ya kujua nani atajenga nini juu ya kilima baada ya miaka kumi au ishirini.

Zamani rubani alikuwa mchora ramani wake mwenyewe. Elrey Jeppesen, rubani wa barua huko Marekani, alinunua daftari dogo la senti kumi mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuanza kuandika humo urefu wa bomba za moshi, matangi ya maji na vilele vya milima kwenye njia zake. Alipanda vilima akiwa na altimita mkononi, akawauliza wakulima urefu wa maghala yao. Wenzake wakaanza kuiomba nakala, naye kufikia 1934 alikuwa akiiuza. Jina lake ndilo lililoko hadi leo juu ya chati zinazobebwa na mashirika mengi makubwa ya ndege.

Kwenye ukanda wa ziwa, miaka hiyohiyo, hatari ilikuwa ndogo kwa sababu iliyo wazi: njia ilipita juu ya maji. Imperial Airways ya Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya kwanza ya Afrika tarehe 28 Februari 1931, mwisho wa safari kutoka London ulikuwa Mwanza. Kipande cha mwisho kilifanywa na ndege za majini, na mstari ulionyooka kati ya Kisumu na Mwanza unapita kilomita chache tu magharibi ya Musoma. Rubani wa wakati ule alikuwa na visiwa na dhoruba za alasiri za kumshughulisha. Nyaya hazikuwepo, na mnara mrefu kuliko yote huenda ulikuwa wa kanisa.

Leo rubani wa ndege ndogo anayetoka Mwanza kwenda Musoma, kama kilomita 140 kwa hewa, anaanza kwa rula na penseli. Anapiga mstari kutoka uwanja hadi uwanja. Kila upande anaweka ukanda wa maili kadhaa, kwa sababu upepo wa ziwani humsogeza na macho hukosea. Ndani ya ukanda huo anatafuta namba kubwa kuliko zote: vilima vya upande wa Bunda, kikiwemo Balili chenye mawe makubwa juu ya mji, na akisogea mashariki zaidi, Chamuriho, mlima mtakatifu wa Waikizu. Kila alama ya kikwazo kwenye chati ina namba mbili. Ya kwanza inasema ncha yake iko futi ngapi kutoka baharini, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na altimita. Iliyo kwenye mabano ni urefu kutoka ardhini. Kuzichanganya ni kosa la mwanafunzi, ila wanafunzi si wao pekee waliolifanya. Juu ya hilo kuna suala la vipimo: mjenzi wa mnara huzungumza kwa mita, rubani huzungumza kwa futi, na taarifa inayopita kati yao kwa simu inaweza kugeuza mita 60 kuwa futi 60 bila mtu kushtuka.

Kisha anachagua kimo. Kanuni za kimataifa huwapa wanaoelekea mashariki maelfu yasiyogawanyika kwa mbili na futi 500 juu yake, yaani 5,500, 7,500 na kuendelea. Wanaoelekea magharibi hupewa 6,500 na 8,500. Kwa anayekwenda Musoma, 5,500 inavutia: mafuta kidogo, kupanda kidogo, ziwa linaonekana vizuri. Lakini ni futi 1,780 tu juu ya maji, na ardhi ya Bunda na Butiama haiko usawa wa maji. Ukanda uliochorwa kwa penseli ndio unaoamua, na mara nyingi unasema 7,500.

Joto nalo linaingia kwenye hesabu. Uwanja wa Musoma uko juu kidogo tu ya ziwa, karibu futi 3,800. Mchana wa nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba uwanja uko futi 6,500 hivi. Ndege iliyojaa abiria na mizigo inapanda polepole kuliko kitabu cha kiwandani kinavyoonyesha kwa pwani, na kilima ambacho asubuhi kilikuwa chini ya magurudumu kwa raha, saa nane mchana kinakuja usawa wa kioo.

Juu ya mji wenyewe kuna sheria ya wazi. Mahali penye msongamano wa watu, ndege inayoruka kwa kutazama nje haitakiwi kuwa chini ya futi 1,000 juu ya kitu kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600 kuizunguka. Mahali pengine ni futi 500 kutoka ardhini au majini. Kinachohesabiwa ni ncha ya kitu kirefu. Wastani wa mapaa hauhusiki. Chukua mfano wa mji ulio futi 3,800, wenye kilima kilichoinuka mita 100 juu ya mitaa, na mnara wa mita 60 juu ya kilima. Mita 160 ni kama futi 525. Ncha iko karibu futi 4,325, ongeza 1,000, na altimita haipaswi kusoma chini ya 5,325. Anayezunguka juu ya mji ili abiria wapige picha za mawe ya ufukweni, akiwa futi 4,800 na akijiona yuko juu vya kutosha, ameshaivunja sheria.

Karibu na uwanja, hesabu inageuka. Ile minara mifupi ambayo chati ya safari inaipuuza ghafla inakuwa na maana. Viwango vya ICAO huweka juu ya uwanja wa ndege aina ya dari isiyoonekana: kwa viwanja vyenye njia ndefu za kurukia, ni mita 45 juu ya uwanja, na huenea hadi kilomita nne kutoka hapo kabla ya kuanza kupanda taratibu. Kwenye miisho ya njia ya kurukia kuna nyuso nyingine zenye mteremko, ambazo kitu chochote kikizitoboa kinahesabiwa kikwazo. Uwanja wa Musoma, ambao kwa miongo mingi ulikuwa wa changarawe kabla ya serikali kuanza mradi wa kuujenga kwa lami, umekaa mjini kabisa, makazi yakiwa yameuzunguka. Chora duara la kilomita nne na sehemu kubwa ya mji imo ndani. Mnara wa mita 60 usiopewa alama Butiama, ukijengwa mjini Musoma unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, rangi nyekundu na nyeupe, na taa. Na ikiwa juu ya kilima, hata nyumba ya ghorofa mbili inaweza kuwa juu ya mita 45 za uwanja.

Hapa ndipo mipango miji na usafiri wa anga hukutana, na kwa miji mingi ya ukanda huu hukutana kwa kuchelewa. Viwanja vilijengwa pembeni, miji ikavifuata. Anayeomba kibali cha ghorofa halmashauri hufikiria mipaka ya kiwanja chake, barabara na maji taka. Mara chache hufikiria kwamba hewa iliyo juu ya paa lake nayo ina mpaka.

Nyaya ni mbaya kuliko minara kwa sababu hazionekani. Rubani mwenye uzoefu hatafuti waya, hutafuta nguzo zake. Tarehe 24 Januari 2003, upande wa Kenya wa ukanda huuhuu wa ziwa, ndege aina ya Gulfstream iliyobeba mawaziri wa serikali mpya ya Kenya iliruka kutoka uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka. Waziri wa Kazi, Ahmed Mohamed Khalif, na marubani wawili walifariki. Mkoani Mara njia ya umeme mkubwa kutoka Mwanza hupita Bunda hadi Musoma, ikifuata takriban uelekeo uleule ambao rubani mwenye mawingu mazito juu yake angependa kuufuata: barabara. Kufuata barabara kwa chini ni mbinu ya zamani ya kutopotea, na ndiyo inayompeleka mtu kwenye nyaya zinazoikatiza.

Hata miji yenye taarifa kamili haijaokoka. Tarehe 16 Januari 2013, London, helikopta iligonga kreni ya jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Vauxhall, kando ya mto Thames, katika ukungu wa asubuhi. Rubani na mpita njia mmoja walikufa. Kreni ile ilikuwa imetangazwa katika ilani za marubani. Taarifa ilikuwepo, macho ndiyo hayakuwepo, kwa kuwa ukungu uliyafunga.

Mtu anaweza kudhani kwamba rada sasa inamaliza haya. Tanzania ilifunga rada nne mpya za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ya Mwanza ndiyo iliyo karibu na Mara. Lakini rada huona kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara: kwa umbali wa kilomita 140, ndege iliyo juu ya Musoma chini ya futi 3,000 hivi kutoka usawa wa ziwa kwa hesabu ya kawaida inakuwa nyuma ya upeo wa macho ya rada. Hicho ndicho kimo cha kutua, cha kuruka na cha kukwepa mawingu, yaani palepale ambapo vilima na minara vipo. Mwongoza ndege wa Mwanza hawezi kumwonya mtu asiyemwona.

Ndege ndogo zimelipa gharama hiyo. Tarehe 15 Novemba 2017, Cessna Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka kwenye milima ya Empakai, Ngorongoro, na watu wote 11 wakafa. Tarehe 5 Juni 2018, Caravan nyingine, iliyotoka Kitale kwenda Nairobi, iligonga safu ya Aberdare, na watu wote kumi waliokuwamo wakafa. Vilima hivyo viko kwenye kila chati iliyowahi kuchapwa ya Afrika Mashariki. Ajali za namna hii zinapochunguzwa, mara nyingi swali halihusu kama mlima ulijulikana. Linahusu ndege ilikuwa kimo gani, kwa nini ilikubali kuwa pale, na nani alikagua namba ya kisanduku mawingu yaliposhuka.

Wapo wanaoruka chini kwa sababu ndiyo kazi yao. Sensa za wanyama katika Serengeti, ikiwemo ukanda wa magharibi unaofika hadi Bunda, hufanywa kwa ndege zinazokwenda futi 300 hadi 400 kutoka ardhini, mstari baada ya mstari. Huo ni usawa wa mnara mrefu. Wahesabuji wa kwanza waliojulikana duniani, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ndege yao ya Dornier iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na umri wa miaka 24, aligongana na tai na kufa. Kaburi lake liko ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Tai hawachorwi kwenye chati yoyote; kinachoweza kuchorwa ni maeneo wanayokusanyika, na hilo hufanywa kwa baadhi ya viwanja tu.

Halafu kuna msimu. Tangu uchaguzi mkuu wa 2005, helikopta zimekuwa sehemu ya kampeni Tanzania, na Mara, mkoa wenye siasa za moto, ni mahali pa kutua mara kadhaa kwa siku: kiwanja cha mpira cha shule, mnada, pembeni ya stendi. Hakuna chati ya kiwanja cha shule. Rubani hutegemea mtu aliyetangulia na gari, ambaye kwa kawaida amepewa kazi ya kutafuta sehemu yenye watu wengi. Waya wa umeme wa kijiji, uliofika juzi kwa mradi wa vijijini, unaning'inia kati ya nguzo mbili nyuma ya goli. Umati umeshajaa na vumbi limeshapanda.

Chati na takwimu za anga hufanyiwa marekebisho kwa mzunguko wa siku 28 unaofuatwa dunia nzima, na kati ya mizunguko hutolewa ilani kwa marubani. Mashine hiyo inafanya kazi vizuri mradi imelishwa. Anayeilisha ni mwenye mnara aliyeomba kibali, mkaguzi aliyepima ncha yake baada ya ujenzi, na rubani anayerudi ardhini na kujaza fomu kwamba kwenye kilima fulani, latitudo hii na longitudo hii, kuna kitu ambacho karatasi yake haikuwa nacho. Hao wa mwisho ndio wachache kuliko wote. Anayetua Bunda jioni baada ya safari nne ana mafuta ya kujaza, abiria wa kuwaaga na jua linalozama. Mnara aliouona kwenye kilima anaukumbuka yeye, anamwambia mwenzake wa kampuni, na kwa wengine wote unaendelea kutokuwepo hadi kesho yake.